Shahidi wa Nne na Mkalimani Wake

Kazi ya Victorine ilikuwa kusema "mimi" kwa niaba ya watu wengine. Mahakamani, hospitalini, popote palipohitajika Kiswahili jijini Johannesburg, mtu akisema "mimi nimeibiwa", Victorine naye alisema kwa Kiingereza "mimi nimeibiwa", bila kutia chumvi wala kupunguza. Alikwisha kuwa mwizi na aliyeibiwa. Alikwisha kuwa mzee wa Kigoma mwenye ngiri na bibi harusi wa Tanga aliyeachwa uwanja wa ndege. Jioni aliyaacha yote hukohuko, akarudi mtaa wa La Rochelle kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga, kuwa yeye mwenyewe: mwanamke wa Uvira, Kongo, asiye na mume, dada mkubwa wa Octave.

Octave hakuwa mdogo wake kwa jina tu. Wazazi wao walipofariki, Victorine alimbeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kadiri alivyoweza, na miaka ya baadaye akamvuta aje naye Afrika Kusini. Sasa Octave alikuwa mlinzi katika jengo moja la ghorofa nyingi Hillbrow, kijana mpole wa maneno, asiyepitisha siku bila kumpigia dada yake kumwuliza kama amekula. Alikuwa amemwoa Gaëlle, binti wa Bukavu, nao walikuwa na mtoto wa kike, Sagesse. Kila Jumapili baada ya kanisa walikuja kula kwa Victorine. Gaëlle hakuwa msemaji. Victorine alidhani ni heshima.

Mwaka huo bunge la mkoa lilikuwa likijadili mswada wa kuunda Tume ya Masuala ya Wanawake. Victorine aliusoma wote, maana mkalimani asiyesoma huaibika mbele za watu. Ulikuwa mswada mzuri, kwa sehemu kubwa. Ulisema makamishna watapatikanaje na nani hawezi kuwafukuza. Uliipa Tume uwezo wa kumwita mkuu yeyote wa ofisi aje ajieleze, na wa kupokea malalamiko ya mwanamke yeyote anayeishi mkoani. Halafu, katikati, kikaja kifungu cha kumi na nne: Tume italazimika kuiarifu idara ya uhamiaji kuhusu kila mlalamikaji ambaye karatasi zake hazijakamilika.

"Wametujengea nyumba nzuri, kisha mlangoni wakafunga mbwa," alisema Fauzia.

Fauzia alikuwa Mzanzibari mwenye duka la vitambaa Fordsburg, na pia kiongozi wa kikundi cha wanawake wahamiaji, Waislamu kwa Wakristo, waliokutana ghorofani juu ya duka hilo. Wabunge walipotangaza kwamba watasikiliza maoni ya wananchi, kikundi cha Fauzia kiliomba nafasi na kuahidi kuleta mashahidi. Mmoja wao, shahidi wa nne, alikubali kuja kwa masharti: asionekane na watu, asitajwe jina, na sauti yake isitoke nje ya ukumbi. Kamati ikakubali yote matatu.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, Victorine alipoingia katika kibanda cha vioo cha wakalimani nyuma ya ukumbi, aliona pazia la kijivu limetundikwa pembeni mwa meza ya wajumbe. Nyuma ya pazia kulikuwa na kiti, kipaza sauti na visikilizio. Aliapishwa kama kawaida: kutafsiri kwa ukweli, na kutomwambia mtu yeyote atakachosikia kuhusu shahidi. Akavaa visikilizio vyake, akanywa maji.

Mashahidi watatu wa kwanza walisema Kiingereza chao wenyewe. Kisha karani akaita, "Shahidi wa nne," na kitambaa kikatikisika.

Sauti iliyomfikia Victorine masikioni ilikuwa ndogo, yenye mkwaruzo kama ya mtu aliyetoka kuugua.

"Mimi ninaishi hapa Joburg mwaka wa sita," ilisema. "Niko na mume na mtoto mmoja."

Victorine alitafsiri sentensi hiyo na iliyofuata kabla akili yake haijakubali kile masikio yalichokwisha kujua. Ni sauti iliyomwita yaya, yaani dada mkubwa, na kumwambia kila Jumapili, "Yaya, leta nikuoshee vyombo." Alikuwa Gaëlle.

Palikuwa na kanuni. Mkalimani akigundua kwamba shahidi ni ndugu yake, huinua mkono, kikao husimama, na mwingine huchukua nafasi. Mkono wa Victorine ulikuwa juu ya meza. Akiuinua, ataulizwa kwa nini, na jibu lake lingekuwa sawa na kulivuta pazia. Isitoshe, siku hiyo hapakuwa na mkalimani mwingine wa Kiswahili, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusikiliza mashahidi. Mkono ukabaki palepale, na mdomo ukaendelea.

"Karatasi yangu ya ukimbizi iko ndani ya faili ya mume wangu," alisema Gaëlle. "Ikiisha muda, lazima twende pamoja. Mwaka jana nilimkosea, akakataa kwenda na mimi. Sasa yake iko sawa, yangu imekufa. Akinikasirikia ananiambia, nenda polisi, nenda, watakupandisha ndege wewe, siyo mimi."

"My permit is inside my husband's file," alisema Victorine. Mume wangu. Mume huyo alikuwa Octave, mtoto wake wa mgongoni.

Akajiambia huenda ni maneno tu. Wanaume husema maneno.

"Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa sita," sauti iliendelea. "Nilikuwa ninapiga pasi sare yake ya kazi. Niliunguza ukosi kidogo. Akachukua ile pasi mkononi mwangu, akaniwekea mgongoni. Hakunitupia. Aliniwekea, akahesabu."

Ukumbi wote ulikuwa ukimsubiri Victorine.

Akilini alimwona Gaëlle mezani kwake, Jumapili baada ya Jumapili, amekaa wima kwenye ukingo wa kiti, hauegemezi mgongo. Siku moja hata alimsifu: tazama mtoto aliyelelewa, anavyokaa vizuri. Na Octave akacheka.

"Mkalimani?" aliita mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima aliyevaa miwani ya kusomea. "Mkalimani, unatusikia?"

Ilikuwa rahisi mno. Angeweza kusema *aliniumiza*. Angeweza kusema *aliniunguza kwa kitu*. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyejua Kiswahili, na Gaëlle hakuwa akisikia Kiingereza chake. Neno dogo lingemfunika mdogo wake kama shuka. Victorine alikiona kile kitambaa cha kijivu, akafikiria mtu aliye nyuma yake, aliyejikokota mpaka hapa na mgongo ule.

"I was ironing his work uniform," alisema. Akasema na ukosi. Akasema pasi ilivyochukuliwa, ilivyowekwa na ilivyohesabiwa, yote, kwa "mimi".

Mwenyekiti alivua miwani. "Nina swali moja kwa shahidi," alisema. "Kama Tume hii ingekuwapo mwezi wa sita, na kifungu cha kumi na nne kikiwa kama kilivyo sasa, ungekwenda kulalamika?"

Hapa sasa ilikuwa zamu ya Victorine kusema Kiswahili, na sauti yake kuingia katika visikilizio vya yule aliye nyuma ya pazia. Hakuwa na njia ya kukwepa. Akabonyeza kitufe, akatafsiri swali polepole.

Pazia halikutikisika. Sekunde zikapita, wajumbe wakaanza kutazamana. Halafu, chini sana, karibu ya pumzi:

"Yaya? Njo wewe? Ni wewe?"

Victorine alifumba macho. Kiapo kilimtaka atafsiri kila neno lisemwalo kwenye kipaza sauti. "Shahidi anauliza kama ndiye anayeulizwa," alisema kwa Kiingereza. Ulikuwa uongo wake pekee siku ile. Kisha akabonyeza tena kitufe cha Kiswahili. "Jibu, Mama," alisema. Alimwita Mama kama anavyoitwa shahidi yeyote. "Wanakusikiliza. Mimi niko hapa."

Gaëlle aliposema tena, mkwaruzo ulikuwa umekwisha.

"Nisingekwenda," alisema. "Ningekwendaje? Mtu anayenipiga anasema atanipeleka uhamiaji. Na ninyi mnaotaka kunisaidia mnasema mtanipeleka uhamiaji. Basi nitabaki na yule anayenipa chakula."

Victorine alilitafsiri hilo bila kutetereka. Fauzia, kwenye safu ya mbele, alijifunika uso na mtandio.

Gaëlle alitolewa kwa mlango wa nyuma, na Victorine alibanwa na mashahidi waliobaki mpaka kikao kikaisha. Alipotoka nje hakumwona mtu. Alitembea bila kujua aendako, akaingia duka dogo kununua maji. Nyuma ya kaunta redio ilikuwa ikisoma habari za mchana. Mtangazaji alitaja mswada wa Tume ya wanawake, akasema shahidi mmoja aliwatoa wajumbe machozi, na baada ya hapo Victorine akajisikia mwenyewe akizungumza.

*I was ironing his work uniform.*

Walikuwa wameificha sauti ya shahidi kama walivyoahidi. Hakuna aliyefikiria kuificha ya mkalimani.

Muuza duka aliendelea kupanga mikate. Kwake ilikuwa sauti ya mwanamke tu. Lakini kule Hillbrow, kwenye meza ya mlinzi, kulikuwa na redio isiyozimwa kuanzia asubuhi, na mtu mmoja aliyeijua sauti hiyo kuliko zote duniani, kwa kuwa ndiyo iliyombembelezea usingizi.

Victorine alipiga simu. Gaëlle alipokea mara moja. "Niko nyumbani," alisema. "Yaya, nisamehe, sikujua kama ni wewe utakuwa..."

"Chukua mtoto. Chukua nguo za kutosha. Ninakuja."

"Kwani nini?"

"Imetoka redioni. Kwa sauti yangu."

Gaëlle akakata simu.

Jengo walimoishi halikuwa mbali na lile alilolinda Octave. Lifti ilikuwa mbovu. Victorine alipanda ngazi akishikilia ukuta, na mlango ulipofunguliwa alimkuta Gaëlle amesimama na mfuko wa nailoni wa miraba, Sagesse pembeni amevaa sare za shule. Wanawake hao wawili walitazamana. Victorine alitaka kumkumbatia, mikono ikainuka, ikaogopa mgongo ule, ikaishia kumshika viganja.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla ya Sagesse."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, yaya? Ulikuwa ukimtazama akila, macho yako yanang'aa."

Walishuka. Mlangoni, kati ya wauza ndizi na mama anayesuka watu nywele kando ya barabara, walikutana na Octave uso kwa uso. Alikuwa na sare yake, kofia mkononi, anahema. Victorine alisogea mbele ya Gaëlle kabla hajafikiri.

"Nimekusikia redioni," alisema Octave. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha Victorine zaidi. "Mwanzoni nilidhani ni wewe, yaya. Nilidhani kuna mwanamume anakutesa na umenificha. Niliinuka kwenye kiti. Nilitaka nije nimuue huyo mtu." Akaigeuza kofia mkononi. "Halafu ukasema ukosi."

"Octave. Tupishe."

"Umekwenda kuniuza kwa Wazulu, yaya. Mimi!"

"Mimi nilikuwa kazini. Na siwezi kuzungumza na wewe habari ya kazi yangu."

"Kazi!" Sasa ikapanda. "Umenilea wewe! Ungeniita, ungenipiga makofi, ningekusikia! Ulikwenda kuwaambia Wazungu na Wazulu kabla hujaniambia mimi?"

Angemwambia kwamba dakika chache kabla ya kulisema neno hilo hakuwa akilijua? Angeapa nini, na kwa kiapo kipi, ilhali kingine kilikuwa bado kimemfunga mdomo?

Octave alimwinamia mtoto, akamshika mkono. "Sagesse, twende juu."

"Papa, you're hurting me," alisema mtoto.

"Mwachie," alisema Victorine.

Yule msusi alikuwa amesimama, kitana kikiwa bado mkononi. Wauza ndizi nao walikuwa wamenyamaza. Octave aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamshwa mahali asipopajua. Akaachia. Akavaa kofia yake, akaivua, akasimama hivyohivyo, nao wakampita. Victorine aligeuka mara moja tu, kwenye robot, taa za barabarani zilipowazuia. Octave alikuwa bado amesimama palepale, watu wakimpitia kulia na kushoto.

Fauzia aliwapa chumba juu ya duka lake, kati ya majora ya vitambaa. Hakuuliza maswali. Alimtazama Victorine, kisha Gaëlle, akaelewa undugu wao, akasema tu, "Subhanallah," akaenda kupika chai.

Kesho yake Victorine alikwenda mwenyewe kwa karani wa kamati, akaeleza kwamba shahidi wa nne ni mke wa ndugu yake na kwamba hakuinua mkono. Alieleza pia lile swali alilolificha. Walimsikiliza, wakazipitia kanda upya na mkalimani mwingine, wakakuta tafsiri ni sahihi, na ushahidi ukabaki. Wakamshukuru kwa uaminifu wake. Baada ya hapo hawakumwita tena, wala wengine waliozoea kumwita. Akaanza kufundisha Kiingereza watoto wa Kikongo waliowasili karibuni, katika chumba cha nyuma cha kanisa.

Mswada ulipita. Fauzia alikuja kuwapa habari akiwa amekunja uso, maana haikuwa ya kupigia vigelegele wala ya kulilia. Kifungu cha kumi na nne hakikufutwa. Walibadilisha neno. Mahali palipokuwa na *italazimika* wakaweka *inaweza*. Tume inaweza kuiarifu idara ya uhamiaji.

"Yaya," alisema Gaëlle, aliyekuwa amejilaza kifudifudi, Fauzia akimpaka dawa. "Kwa Kiswahili, hilo *inaweza* maana yake nini hasa?"

Victorine alilifikiria kama alivyozoea kufikiria maneno, akilipima uzito. "Maana yake inategemea utamkuta nani mezani," alisema.

"Akiwa mtu mzuri?"

"Hatakupeleka."

"Na akiwa mwenye kuchukia wageni?"

Gaëlle akalaza shavu kwenye mto. "Basi ni kamari," alisema. "Lakini ile ya kwanza haikuwa hata kamari."

Octave hakuja. Alituma watu: mchungaji kwanza, kisha mzee mmoja wa Uvira, kisha mke wa mchungaji. Kila mmoja alisema Octave amekonda, Octave hasemi na mtu, Octave ameapa mbele ya madhabahu hatarudia. Kila mmoja alimlaumu Victorine kwa upole, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika pasi. Kanisani wanawake wawili waliacha kumsalimu. Mmoja alimfuata chooni, akamshika mkono, akafungua kifungo cha juu cha blauzi yake, akamwonyesha bega lenye kovu, akafunga tena, akaondoka.

Gaëlle alikaa akifikiri miezi mingi. Kuna siku alisema atarudi kwa mumewe, na Victorine alijilazimisha kunyamaza. Kuna siku alisema atachukua basi mpaka Lusaka. Tume ilipofungua ofisi yake hatimaye, katikati ya mji, alingoja wengine waende kwanza. Alisikia kwamba mwanamke mmoja wa Burundi alisaidiwa kutenganisha faili yake na ya mumewe. Alisikia pia kwamba mwingine alitoka pale na barua ya kumwita uhamiaji. Hakuna aliyeweza kumwambia kwa hakika kama yote mawili ni kweli.

Siku aliyoamua, aliamka akaoga, akavaa gauni jeusi la kitambaa chepesi, akasema, "Leo." Akamwomba Victorine amtafsirie.

"Siwezi," alisema Victorine. "Mimi ni wifi yako. Safari hii nitaufuata utaratibu."

Ofisi ilikuwa na mkalimani wake, binti wa Kikenya mwenye sauti nyororo. Alitoka kumpokea Gaëlle, akamwambia, "Karibu, Mama, usiogope." Nyuma yake, kabla mlango haujafungwa, Victorine aliwahi kuona meza, kompyuta, na mikono ya mtu aliyeketi huko. Uso wake hakuuona.

Akakaa kwenye benchi pamoja na Sagesse. Ilimjia kwamba kwa mara ya kwanza maneno yalikuwa yakisemwa upande wa pili wa ukuta, maneno kuhusu damu yake mwenyewe, na hakuna hata moja lililopita mdomoni mwake. Alitega sikio. Kulikuwa na mnong'ono, kisha kimya, kisha mtu akisogeza kiti. Sagesse alikuwa akichora nyota kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino.

Simu yake ilitetemeka. Lilikuwa jina la Octave, ambalo halikuwa limeonekana kwenye kioo hicho tangu siku ile. Victorine alilitazama mpaka likakaribia kukatika, ndipo akapokea, akaiweka sikioni.

Alimsikia akipumua. Nyuma yake kulikuwa na honi za teksi na redio.

"Yaya," alisema Octave. "Umekula?"

Victorine alifungua mdomo. Mlangoni, yule binti wa Kikenya alichungulia na kuomba maji ya kunywa kwa ajili ya Mama, na Sagesse akawa wa kwanza kuinuka.